Turubai Nililolifunga Mwenyewe

Mama mkwe wangu aliponea chupuchupu kufa nyuma ya gari langu, na turubai lililomfunika nililifunga mimi, kwa mikono hii hii inayoandika. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namzungusha. Huku kwetu Lukozi, mwenye jambo la aibu huanzia mbali: atakuuliza hali ya watoto, atakuuliza viazi vimeshikaje, atailaumu mvua, na jua likishasogea ndipo anakutupia neno lenyewe akiwa ameshasimama kuondoka. Mimi sina subira hiyo. Nina hasira za karibu na mdomo wa haraka, na makosa mengi ya maisha yangu yamepitia mlango huo.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya petroli, kabini moja, niliyoinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu nisiowajua. Sakafu ya bodi ilikuwa imeoza kwa kutu. Mahali pengine ungeweza kuiona barabara ikipita chini yako. Sikujali. Mimi nalima karoti na kabichi, na niliona kwamba gunia likishatandikwa juu ya tundu, basi tundu halipo.

Mwaka ule, masika yalipokatika, gari likaanza kuchoka. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, likiona mlima linakata pumzi. Siku moja nimepakia karoti, napanda kuelekea msitu wa Magamba, nimekanyaga mafuta hadi mwisho, na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita kwa miguu. Akageuka kunitazama kwa huruma. Ile huruma iliniuma kuliko tusi. Nilifika Lushoto mjini nimefura, nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi wangu ni rika langu. Tulipata kipaimara siku moja, mimi nikiwa nimevaa viatu vya kaka yake. Gereji yake haina ukuta wala paa, ni uwanja tu chini ya miti ya mgrevilea, na udongo wake umekuwa mweusi kwa oili ya miaka. Ni mtu wa maneno machache. Alilala chini ya gari, akagonga bomba la moshi kwa nyundo mara mbili tatu, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mgosi, gari lako halijafa," alisema akiwa bado chini. "Limezibwa pua."

Katikati ya bomba la moshi, akanionyesha, kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo mna kitu chenye matundu madogo madogo mfano wa sega la nyuki. Mafundi wanakiita masega. Kazi yake ni kuusafisha moshi, kuupunguzia sumu kabla haujatoka nje. Injini yangu ilikuwa inakula oili muda mrefu, na oili ile iliyoungua ndiyo iliyokwenda kuyaziba matundu. Moshi haukuwa na pa kutokea, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Alisema njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiponya injini iache kula oili, kisha tutafute masega mengine. Ya pili hakuimaliza kuitaja. Nilishamwambia ayatoe, maana nilijua wenzangu wengi wa mlimani walishayatoa ya kwao na magari yao yanapanda.

Alilipandisha gari kwa jeki, akalisimamisha juu ya magogo, akalipasua lile kopo kwa grenda. Kisha akachukua tindo na nondo akaanza kuyabomoa. Yalitoka vipande vipande, mepesi, ya kijivu, yamepakaa masizi. Nilikiokota kimoja nikakiinua juani. Matundu mengi yalikuwa yameziba, lakini yapo machache yaliyokuwa bado wazi na mwanga ukipenya. Nilikitupa chini. Fundi aliviokota vyote akavitia kwenye kiroba, kwa sababu wapo watu wanaopita kuvinunua kwa ajili ya madini yaliyomo, kisha akalichomelea kopo likiwa tupu na kulirudisha mahali pake, kana kwamba hakuna kilichotolewa.

Alipokuwa anamalizia, kipande cha nyuma cha bomba, kile kinachoupeleka moshi hadi mwisho wa gari, kikamvunjikia mkononi. Kutu ilishakila. Siku ile hakuwa na bomba la kuunga. Akanionyesha kwamba kwa sasa moshi utatokea pale katikati, chini ya bodi, na akanitaka nilete bomba wiki inayofuata achomelee. Nikasema nitaleta. Kwenye dashibodi taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka, kwa kuwa gari lilishajua limenyofolewa kitu. Fundi akakata kipande kidogo cha tepu nyeusi akakibandika juu yake, taa ikapotea.

Wakati ananikabidhi ufunguo ndipo aliponiambia.

"Ukibeba watu nyuma, usilifunge turubai. Acha nyuma wazi, upepo upite."

"Mimi nabeba karoti," nikamjibu. "Karoti hazipumui."

Tulicheka wote wawili. Nimelikumbuka cheko lile mara nyingi mno.

Siwezi kudanganya, nilifurahi. Lile gari lilipanda Magamba kama limerudi ujanani, kwa mngurumo ambao watu waliusikia kabla hawajaniona. Mke wangu ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema nguo zangu zinanuka petroli mbichi, na kwamba amewaona watoto wa shule wakijiziba pua kwa sweta zao ninapowapita kwenye mlima. Nikamwambia kama hataki moshi, karoti azibebe kichwani. Alininyamazia siku mbili. Wiki ya bomba ikafika, ikapita, na nyingine zikapita. Kisingizio sina. Gari lilikuwa linakwenda, na mimi kitu kikishakwenda nakisahau.

Sasa nieleze habari za mama mkwe. Anakaa Malindi ya huku kwetu mlimani, si ile ya pwani, mjane, mwanamke mfupi aliyenyooka mgongo, mzee wa kanisa, mwenye shamba la maharage ambalo hadi leo hamruhusu mtu kumlimia. Mambo yetu ya ukwe yeye ameyashika kama alivyoyapokea kwa mama yake. Mkwe wa kiume hakai kiti kimoja na mama mkwe, hamshiki mkono, hali naye, hamtazami usoni. Vijana wengi wameshayaacha. Mchungaji mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba Mungu hana shida na hilo. Akaitikia ndiyo, mchungaji, na akaendelea vile vile. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu nilikuwa namwamkia nikitazama miguu yake, naye anaitikia akitazama mlango. Wala usidhani ni chuki. Karoti zangu za kwanza kila mwaka nampelekea yeye, na kila nikiugua uji wake hunifikia kabla ya dawa. Heshima yetu ilikuwa ya mbali, lakini ilikuwa na joto lake.

Julai ile jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na alipewa siku ya kuonana na daktari wa macho mjini. Mke wangu alikuwa na genge lake na ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ikawa yangu. Alinisisitiza jambo moja, mama yake akae mbele, akikataa nimbembeleze. Nikamwambia wewe unamjua mama yako au unamsikia?

Nilifika Malindi asubuhi, ukungu umelala hadi chini, baridi ya kukata masikio. Alitoka amevaa sweta mbili na amejifunga kitenge juu ya kanga, jirani yake akimwongoza kwa mkono. Nikaamkia, akaitikia. Nikafungua mlango wa kabini, nikasogea mbali na kutazama pembeni. Alipita mbele ya ule mlango uliokuwa wazi kama hauoni, akaenda nyuma.

"Mama, mbele kuna joto," nikasema.

"Nyuma panatosha, baba."

Sikubembeleza. Nilikuwa nimepakia magunia ya karoti, nikamtengenezea nafasi katikati yake, nikatandika magunia matupu na blanketi. Jirani akamsaidia kupanda, maana mimi kumshika nisingeweza. Alipoketi nikalivuta turubai juu ya vyuma vya bodi, nikaanza kulifunga kwa kamba za mpira, ndoano moja baada ya nyingine, kulia, kushoto, hadi nikafika nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe. Sikusahau. Maneno ya fundi yalinijia nikiwa nimeshika kamba ya mwisho, nikayasikia kabisa kwa sauti yake. Nikatazama ule ukungu, nikamtazama mama wa watu amejikunyata katikati ya magunia na jicho lake moja, nikasema moyoni kwamba safari ni fupi na baridi ndiyo itakayomuua. Nikaifunga. Nikaifunga mafundo mawili. Na nilijisikia mkwe mwema, jamani. Nilikwenda kushika usukani nikijiona nimefanya wema ambao hata mtoto wa kumzaa asingeufanya.

Niliendesha taratibu nisimrushe. Gia ya kwanza, gia ya pili, napunguza kwenye kila shimo. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na kabini ilikuwa na joto hadi nikafungua sweta. Tulipoingia msituni Magamba tukakuta lori la mbao limezama tope, limekaa upande, hakuna kupita. Stata ya gari langu ilikuwa mbovu wakati ule, nikilizima hadi nipate watu wa kusukuma. Kwa hiyo sikulizima. Nikashuka, nikasogea hadi pembeni mwa turubai, nikauliza mama uko salama? Akaitikia kwamba yuko salama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini sauti yake huwa ndogo anapozungumza nami. Nikaenda kusimama na wanaume wengine kulitazama lori na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Tulikaa pale kitambo. Nikirudisha picha ile leo, naliona gari langu limesimama kwenye ukungu linanguruma peke yake, na chini yake moshi unapanda taratibu, haupeperuki, kwa sababu hapakuwa na hata chembe ya upepo. Sikurudi kuuliza mara ya pili. Kumpigia mama mkwe kelele mbele za watu niliona si adabu.

Lori liliponasuliwa tukaendelea, na turubai nilikuja kulifungua kwenye lango la hospitali. Harufu ilinipiga usoni, macho yakawasha. Mama alikuwa ameegemea gunia, kichwa kimeanguka kifuani, na alikuwa ametapika kwenye kitenge chake. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa nguvu, kwa jina ambalo mkwe halitamki. Kimya.

Mikono yangu ilikataa. Naona aibu kuliandika hili kuliko yote, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama pale, labda kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, mikono ikinining'inia, kwa sababu ya miaka kumi na mmoja ya kutomgusa. Kisha nikapanda nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno. Kilemba chake kilidondoka, na kwa mara ya kwanza nikaziona nywele zake, nyeupe zote, zimesukwa mistari midogo. Nilikimbia naye kifuani huku nikilia, nikiomba radhi, sijui nikimwomba nani.

Manesi walimpokea kwa machela. Daktari, kijana aliyekuwa zamu, aliniuliza haraka haraka kama mama alilala na jiko la mkaa chumbani, kwa kuwa msimu wa baridi wanaletewa wengi wa namna hiyo. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshaletwa mdomoni kwangu, kazi yangu ni kulimeza au kulikubali. Nikamwambia ni moshi wa gari langu, nilimfungia ndani ya turubai. Aliniangalia mara moja tu, akageuka kuagiza oksijeni.

Alizinduka mchana. Kichwa kilimuuma siku mbili, miguu ikawa haina nguvu, na maneno yalikuwa yanamponyoka katikati ya sentensi. Mke wangu alikuja kwa bodaboda akakaa kitandani na mama yake, nami nikakaa nje kwenye benchi. Alipotoka kuniuliza imekuwaje, nilimwambia moshi uliingia nyuma kwa sababu bomba lilimvunjikia fundi akaliacha fupi. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilichokiacha ni lile onyo, na yale mafundo mawili. Kwa daktari nilisema kweli kwa kuwa roho ya mtu ilikuwa mikononi mwake. Kwa mke wangu, hatari ilishapita, iliyobaki ni aibu yangu tu, na aibu hiyo nikaamua kumbebesha fundi.

Mke wangu si mtu wa kukaa na jambo. Alikwenda gereji akamwambia fundi maneno mazito mbele ya wateja wake. Niliambiwa kwamba fundi alimsikiliza hadi mwisho, ameshika spana, na alichouliza ni kimoja tu: mama anaendeleaje? Hakusema alinionya. Maneno yakasambaa sokoni Lukozi, na wenye magari wakaanza kumkwepa. Mimi nikawa nikifika mjini napita njia ya juu nisiione gereji yake. Usingizi nilikuwa napata, chakula nilikuwa nakula, ila nikawa mkali nyumbani hata kwa kuku.

Mama aliporudi Malindi nilivumilia wiki tatu. Ya nne nikanunua sukari na shali nzito, nikapanda bodaboda, maana lile gari sikuwa na hamu ya kuliwasha kwa safari hiyo. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo, amekaa ndani ya kizingiti. Nikakaa kwenye benchi la nje, ukutani, kama kawaida yetu, yeye hanioni na mimi simwoni, na kati yetu mlango wazi. Nikaamkia. Akaitikia. Nikaweka vitu vyangu kizingitini.

Nikamwambia yote. Masega, bomba, onyo la fundi, karoti hazipumui, kamba ya mwisho niliyoifunga nikiwa nimekumbuka. Nikamwambia kwamba fundi hana kosa, na kwamba nimeacha watu wamchafue wiki nne. Mkono wake uliokuwa unachambua maharage ulisimama, nikausikia ulivyosimama.

"Ile harufu niliisikia mapema," alisema. "Hata msituni hatujafika."

Nikamuuliza kwa nini hakugonga. Nyuma ya pikapu hakuna kengele, kila mtu anajua. Anayetaka gari lisimame hugonga paa la kabini kwa kiganja, na dereva husimama.

"Paa liko juu ya kichwa chako," akasema. "Nikugonge kichwani, mkwe wangu?"

Nililia pale benchini kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi. Mtu alikuwa anakufa, na paa la bati lilikuwa kwenye urefu wa mkono wake, akauzuia mkono wake kwa ajili yangu. Na mimi mbele, nimefungua sweta kwa joto. Hakuninyamazisha. Aliniacha nimalize, maharage yakaanza tena kudondoka kwenye ungo, kisha akaniambia nikitoka pale nimwambie mke wangu, na nikitoka kwa mke wangu niende kwa fundi, na shali niliyomletea nimpe mke wa fundi, yeye anazo mbili.

Mke wangu nilimwambia jioni ile ile. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaingia ndani akavaa kanga ya kutokea, na kesho yake tukaenda gereji wote wawili, yeye akiomba radhi yake na mimi yangu. Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mtu. Alinisikiliza akiwa huko huko, naona miguu yake tu. Nilipomaliza alijivuta akatoka, akajipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Karoti hazipumui," akasema.

Hakucheka. Kisha akanitaka nilete gari.

Bomba sasa ni refu, linatoka hadi nyuma ya taa, limepindishwa pembeni. Sakafu ya bodi imezibwa kwa bati jipya na stata imetengenezwa. Injini imepunguza kula oili. Masega ndiyo ambayo hadi leo hayajarudi. Ya gari lile hayapatikani kirahisi, na yakipatikana yananishinda, na nisijitie hamnazo, sikuyatafuta kwa bidii ninayotafutia mbegu. Ile tepu nyeusi niliibandua, taa inanitazama kila siku. Nikiwafikia watoto wa shule kwenye mlima naondoa mguu kwenye mafuta, nawapita polepole, lakini najua wanajiziba pua vile vile. Sumu niliyomwondolea mama mkwe wangu bado ninawagawia wengine njiani. Wala hawawezi kugonga paa.

Mwezi wa kumi akapewa siku nyingine ya jicho. Nilifika Malindi asubuhi, nikafungua mlango wa kabini, nikasogea na kutazama pembeni. Nilidhani baada ya kumbeba kifuani, baada ya kuziona nywele zake, kuna kitu kimelainika. Akapita mbele ya mlango, akaenda nyuma. Nikamwambia mama, nakuomba. Akasema amekaa nyuma maisha yake yote, hawezi kuanza ujana kwa ajili ya bomba.

Ila alikuwa na kipande cha kuni mkononi, kifupi, kimemenywa gome. Akaniambia, akitazama tairi, kwamba amefikiri sana. Mkono wake hauwezi kunigonga kichwani, ila kuni si mkono. Kila kona tatu atagonga mara moja, nijue yupo. Nikalifunga turubai pembeni, nyuma nikaliacha wazi lote, na mke wangu alikuwa amenipa blanketi la pili la kumfunika.

Tukaenda. Kona tatu, ko. Kona tatu, ko. Sijawahi kuendesha gari nikiwa nasikiliza namna ile. Hata mngurumo niliusahau. Tukaingia msituni. Kona tatu zikapita. Ya nne ikapita. Nikajiambia amekosea hesabu. Ya tano. Nikakanyaga breki katikati ya barabara, karibu kabisa na pale lori lilipozama, nikazima injini, nikaruka nje bila kufunga mlango, nikakimbia nyuma.

Alikuwa ameketi wima katikati ya magunia, blanketi hadi kidevuni, kuni juu ya mapaja. Jicho lake zima lilikuwa linanitazama usoni, moja kwa moja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimuoe mwanawe. Halikuwa na hasira wala mzaha.

"Nilitaka kujua kama unasikiliza," akasema.

Niliinamisha kichwa, nikarudi mbele, nikawasha gari. Kabla sijaingiza gia, aligonga.